Nyumba ya Tatu Kutoka Kisimani

Mtaani wananiita Brashi. Kazi yangu ni kuandika mabango: saluni, duka la dawa, "Leo Taslimu Kesho Mkopo", "Usimwage Taka Hapa". Nikipita mjini nasoma kuta kama fundi cherehani anavyosoma nguo za wapita njia. Najua nani alipiga mstari kwa kamba ya chaki, nani alikadiria kwa jicho, nani alilipwa kidogo akaamua kulipua kazi. Kwa hiyo muuza magodoro aliponiita nimfutie maandishi kwenye ukuta wa pembeni wa duka lake, kabla ya kupima ukubwa wa kazi nilitazama kwanza mkono wa mwandishi.

Ulikuwa mkono mzuri. Herufi zenyewe sikuzijua, wala hapakuwa na mtu mtaani aliyezijua. Juu kabisa lilikaa neno moja refu limelala, na chini yake mistari sita imeteremka wima, kila mmoja na vifundo vyake, kama kamba zilizofungwa mafundo zikaning'inizwa. Rangi nyekundu ya mafuta. Brashi bapa, nyembamba, ya mtu anayeosha vyombo vyake baada ya kazi. Anayepaka ukuta wa watu kwa kuibia huchuruzisha rangi. Huyu hakuwa amechuruzisha hata tone.

"Unasoma nini hapo?" muuza magodoro akaniuliza.

"Sisomi. Natazama."

"Basi tazama huku unafuta. Wateja wananiambia ni dua ya kuzikia. Mtu amekuja kununua godoro la harusi, anakuta dua ya kuzikia. Atanunua?"

"Nani amekwambia ni dua?"

"Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini hebu angalia zilivyokaa. Mambo ya heri huandikwa hivyo?"

Alitaka ukuta uwe mweupe, na juu yake niandike kwa buluu: LALA SALAMA. Nikamwambia maneno hayo huandikwa makaburini pia. Akafikiri kidogo, akasema, "Wa makaburini hawana haja ya godoro."

Rangi alikuwa ameshanunua mwenyewe, rangi ya maji, ile ya bei ya chini. Nilimweleza kwamba rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Akaniambia nipake tu. Nikapaka. Hata haijakauka vizuri, ule weupe ukaanza kujikunja na kuzikimbia zile herufi, na mistari yote sita ikajitokeza tena, sasa myembamba zaidi, yenye rangi ya ufizi. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akajishika kifua.

"Hao hawataki kufunikwa," alisema, akaenda zake.

Nilicheka, maana mambo ya rangi nayajua. Lakini nilipoupa ukuta mgongo ili nisuuze brashi, nilihisi kama kuna watu wamesimama nyuma yangu wananitazama, na hawana haraka.

Ndipo mama akaja na chakula changu cha mchana.

Mama alikuwa akiishi nami tangu marehemu baba atutoke. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa binti wa mwokaji mikate, na hilo ndilo tu tulilowahi kuambiwa kuhusu utoto wake. Babu mwokaji na bibi walikufa sijazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kama cha watu wote, ila akikasirika maneno mengine yalimtoka mazito, kama anamung'unya kokoto. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni meno.

Alisimama na hotpoti mkononi, akautazama ukuta. Kichwa chake kikaanza kwenda juu na chini, taratibu, kama mtu anayepewa habari naye anaitikia, naam, naam. Wote waliowahi kusimama pale waliangalia maandishi yale kwa kupeleka macho kushoto na kulia, tulivyozoea sisi. Mama peke yake aliyafuata kutoka juu kwenda chini. Alipofika mwisho wa mstari wa sita, akarudi wa kwanza akaanza tena.

Kisha akaketi juu ya godoro la maonyesho lililokuwa nje ya duka, bado liko ndani ya nailoni yake, likalia chwaa.

"Mama, unajua kusoma haya?"

"Nitayajulia wapi?"

"Nimekuona."

"Umeniona nimechoka. Kula, kinapoa." Baada ya muda akauliza, "Nani amekutuma ufute?"

"Mwenye ukuta."

"Mwenye ukuta," alirudia, kama anayetajiwa mtu asiyempenda.

Kesho yake nilirudi na rangi ya mafuta, nikapaka mara mbili, herufi zikafunikika. Nikaandika LALA SALAMA. Muuza magodoro alifurahi mpaka akaniongezea mto.

Kuanzia hapo mama akawa hakai nyumbani alasiri. Nikimuuliza anakwenda wapi, ananiambia anakwenda kununua hamira. Kabati likajaa hamira ya kuumulia mikate ya mji mzima, na mkate wenyewe hauonekani. Siku moja nilimaliza mapema bango la kinyozi, nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya mashine ya kusaga. Kulikuwa na ukuta pale, na juu ya ukuta mistari myekundu ya mwandiko ule ule, unga umetua juu yake kama vumbi. Mama alikuwa anaufuta kwa upindo wa mtandio wake, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Usinivizie kama polisi," alisema bila kugeuka.

"Mama, haya ni nini?"

Mashine ilikuwa inaunguruma upande wa pili, ukuta unatetemeka kidogo.

"Ni majina, mwanangu," alisema. "Ni watu wa nyumba moja. Huyu ndiye baba. Huyu mama. Huyu ni mama yake baba, alikuwa hana meno, akitukamata watoto anatung'ata kwa ufizi, tunakimbia tunapiga kelele. Hawa ndio wajukuu." Kidole chake kikapanda kwenye lile neno refu la juu. "Na hili kila ukuta unalo. Linasema: Waliishi hapa."

"Hapa? Mashineni?"

"Si hapa. Kwetu."

Maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia mama akisema kwetu akiwa na maana ya nyumba tunamolala. Siku ile nilimsikia akiitamka kwa maana nyingine, nikahisi kama sakafu imesogea.

Tuliketi juu ya magunia matupu akanisimulia. Kulikuwa na mji mdogo, mbali, upande wa pili wa mpaka, wenye mtaa mmoja tu. Mtaa ulianza kisimani ukapanda hadi kilimani. Asubuhi moja wakaja watu wenye bunduki. Mama yake alimsukumiza ndani ya lori la mwokaji aliyekuwa amefuata unga, akamfunika kwa magunia, akarudi ndani kumchukua mtoto wa kunyonya. Lori likaondoka. Mwokaji na mkewe walikuwa wamemzika binti yao mwaka ule ule, rika moja na mama. Walimpa kitanda cha binti yao, na nguo zake, na jina lake. Wakamwambia lugha ile asiitamke hata ndotoni, kwa sababu walioitamka walikuwa wakitafutwa.

"Kwa hiyo jina lako..."

"Jina unalolijua wewe ni la mtoto aliye kaburini," alisema. "Mimi nimeazima tu."

Jina lile lilikuwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Nililisikia kila siku kinywani mwa baba, akimwita mkewe aje wale.

Tukaanza kuzitafuta kuta pamoja. Yeye anasoma, mimi natazama rangi. Rangi nyekundu ikipigwa na jua huchakaa kwa hatua zake. Kwanza hupoteza mng'ao, kisha ukiipitisha kidole inatoa unga, kisha inapauka. Kwa hiyo niliweza kumwambia huu ulitangulia, huu ulifuata. Tulipata maandishi nyuma ya kituo cha basi, tukapata ubavuni mwa posta, tukapata kwenye karakana ya majokofu na kwenye nguzo ya daraja. Majirani wakatuona tukizunguka, wakaanza maneno. Kuna waliosema ni alama za wezi, na kuna waliosema Brashi na mamaye wameokota hazina. Mke wa kinyozi aliniambia nimpeleke mama hospitali wakampime kichwa. Mama hakuwajali.

Ilikuwa pale kwenye nguzo ya daraja ndipo alipoelewa. Nilikuwa nimemaliza kumpangia kuta zote, kutoka uliopauka kabisa hadi ule mpya wa muuza magodoro. Aliziweka vidoleni, akitamka kimya kimya, kisha akanishika mkono.

"Anateremka mtaa," alisema. "Ameanzia kilimani, anakuja kisimani. Hajaruka mlango hata mmoja."

"Nani?"

"Sijui. Mtu anayeujua mtaa wetu kuliko mimi."

Ukuta wa muuza magodoro, akaniambia, ulikuwa nyumba ya nne kutoka kisimani. Pale aliishi mwenzake. Hakumpa sifa nyingine, alimwita hivyo tu, mwenzangu. Walizaliwa mwaka mmoja, walikula sahani moja, na siku mbili hazikupita bila mmoja kulala kwa mwingine.

"Na unajua nini?" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe nikaona meno yake ya nyuma. "Hayumo! Nilisoma mara mbili siku ile. Wamo wazazi wake, wamo kaka zake wote, yeye hayumo. Amepona, mwanangu. Mimi si nimepona? Kwa nini yeye asipone?"

Akawa kama mtu aliyeletewa posa. Sokoni aliwatazama usoni wanawake wa rika lake mpaka wakawa wanakasirika. Mmoja alimuuliza kama anamdai. Nyumbani alianza kuimba nyimbo zisizo na maneno. Niliona aibu kumwambia kwamba kutoandikwa si kupona. Nikamuuliza swali jingine.

"Na nyumba ya tatu?"

"Ya tatu ni yetu," alisema, na furaha ikamtoka usoni.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kila alasiri tulizunguka mji kutazama kama ukuta wetu umeshaandikwa. Nilikuwa naandika bango la duka la viatu, nikajikuta nimesimamisha brashi hewani natazama ukuta wa ng'ambo, mtupu, uliopakwa chokaa jana yake. Nilikuwa nimezoea kuziona kuta tupu kama riziki. Sasa zilinitia hofu. Niliona kila mmoja umekaa unangoja watu wake.

Tuliukuta nyuma ya ghala la barafu. Ukuta wa ghala lile hutoka jasho la baridi mchana kutwa, na nyasi za chini yake hazikauki. Mwandishi alikuwa amechagua sehemu ya juu, pakavu, jasho lisipofika. Kabla hatujafika nilisikia harufu ya tapentaini. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Mama alisogea. Kichwa chake kikaanza kuitikia.

"Waliishi hapa," alisoma. "Baba. Mama. Baba mdogo, huyu alikuwa anapiga filimbi. Huyu ni yule wa kunyonya, hata jina kamili alikuwa hajapewa. Wamemwandika Mdogo."

Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi. Aliinua mkono akaugusa, kidole kikarudi chekundu. Akatamka neno moja nisilolijua, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

"Ni nani huyo?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Ni mimi." Akakitazama kidole chake. "Kumbe nimekufa," alisema, vilevile anavyoniambia chumvi imekwisha.

Nilitaka nimrudishe nyumbani. Akakataa. Alimtaka mwandishi. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na pa kuanzia, maana nilikuwa na rangi mbichi mkononi. Nikainusa, nikaisugua kati ya vidole. Haikuwa rangi ya ukuta hata kidogo. Ilikuwa ile ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye vyuma. Nikampitisha mama kwenye duka ninaponunua rangi zangu, nikamuuliza muuzaji nani huchukua nyekundu ya kutu.

"Mafundi wote," alisema. "Ila wa kila wiki ni yule mzee anayepaka mageti kwa mchomeleaji, nyuma ya kituo cha mafuta. Mzee mwenyewe taratibu. Akikusalimia utadhani anakuomba radhi."

Tulimkuta peke yake kwenye uwanja wa karakana, ameinamia geti lililolazwa juu ya vibao. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono myekundu hadi viwiko.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba."

Mama hakumsalimu kwa Kiswahili. Alifungua kinywa, na iliyotoka haikuwa sauti ya mama yangu. Ilikuwa nyembamba, ya juu, ya haraka, inayomeza mwisho wa maneno. Ilikuwa sauti ya mtoto. Mtu humjua mzazi wake akiwa tayari mtu mzima, na hajui kwamba ndani yake kuna mtoto mpaka amsikie akizungumza. Nilitaka kuziba masikio.

Mzee aliweka brashi juu ya kopo bila kuangalia anaiweka wapi. Akauliza kitu. Mama akajibu. Mzee akacheka, akajiziba mdomo, na kiganja kikaacha alama nyekundu kidevuni. Kisha akauliza jambo refu, kwa sauti ya chini. Mama alijaribu kujibu tena na tena. Mwisho akanigeukia.

"Maneno yameniishia," alisema. "Ninayo ya kuomba maji, ya kugombana na ya kucheza. Ya kikubwa sina."

"Basi tutumie haya," mzee akasema kwa Kiswahili, kizito, chenye kokoto zile zile. "Ndiyo tuliyozeekea."

Alikuwa mtoto wa mtu wa posta. Shule ikifungwa alizunguka na baba yake mtaani, mlango kwa mlango, na kwa kuwa baba hakuona vizuri, yeye ndiye aliyemsomea majina kwenye bahasha. Ndivyo alivyowajua wote. Akawahifadhi kichwani miaka yote hiyo, akiwarudia kila asubuhi kabla ya kuamka, kutoka kilimani hadi kisimani. Lakini sasa uzee ulikuwa umeanza kumwibia. Kuna asubuhi aliamka akakuta nyumba nzima haipo. Watu wanane wamepotea, kama hawakuwahi kuzaliwa, na hawakurudi mpaka mchana. Siku ile ndipo alipochukua brashi.

"Kwa nini kuta za watu?" niliuliza. "Si ungeandika kwenye karatasi?"

"Karatasi nikifa wanawashia moto. Ukuta lazima mtu aje aufute kwa mkono wake. Angalau atakuwa amewagusa."

Nilitazama mikono yangu, nikaiweka nyuma.

Mama alikuwa hasikilizi hayo. "Mimi umeniandika," alisema. "Kwa nini umeniandika? Uliniona?"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, akamtazama uso, kisha mikono, kama anayepima kitu kisichoingia.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nakimbia na baba. Ulikuwa kando ya kisima, umelala kifudifudi. Umevaa lile gauni la njano, lenye mifuko miwili mbele. Mtaa mzima gauni kama lile lilikuwa moja."

Mikono ya mama ikashuka polepole kwenye mapaja, ikapapasa kitambaa, ikitafuta mifuko. Ndani ya karakana mchomeleaji alikuwa anapasua chuma, cheche zinaruka, hakuna aliyegeuka.

"Asubuhi ile tulibadilishana," mama alisema. "Aliipenda ile mifuko. Nikamwambia livae, utanirudishia jioni."

Mzee akaketi juu ya ndoo. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa. Nilikuwa bado nafurahi kwamba mama amepata mtu wa kwao, kwamba kosa limejulikana na sasa jina lake litafutwa.

"Sikumgeuza," mzee akasema. "Baba alinivuta mkono. Yule mwenzako sikumwona popote, kwa hiyo nikasema amepona. Kila mwaka nimemwongezea umri. Nimemwozesha. Nimempa wajukuu. Katika mtaa mzima ni yeye tu niliyemwacha hai."

Ndipo nami nikaelewa ni nani aliyelala kisimani. Mwenzake mama alifia pale, mbele ya geti lililopakwa nusu, na waliomwombolezea walikuwa wawili tu duniani.

Mama hakutoka nyumbani siku kadhaa. Alilala ameelekea ukutani, na nilipompelekea chai alisema asante kwa jina langu la utotoni. Kisha asubuhi moja nikamkuta amevaa, amesimama karibu na makopo yangu.

"Nipe nyekundu," alisema. "Na brashi ndogo."

Tulikwenda wote watatu nyuma ya ghala la barafu. Mzee alikuja na kopo la rangi ya kufutia na akaanza kulikoroga. Mama alimwambia angoje. Akapanda juu ya kreti, na pembeni ya jina lake, kwa mkono uliokuwa unatafuta njia, akaandika mstari mpya. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimegongana.

"Mwandiko wa darasa la pili," mzee alisema kwa upole.

"Ndipo nilipoishia." Akamaliza kifundo cha mwisho. "Kwao kumeshafunikwa. Acha alale kwetu, alikuwa amezoea."

Mzee akainua brashi yake ili afute jina la mama. "Aliye hai haandikwi hapa," alisema.

"Liache kwanza."

"Mama," nikasema, "uko hai."

"Mama yako yuko hai," alijibu, akishuka. "Huyo mtoto sijamjua bado."

Likabaki. Nikipita pale hadi leo nayaona majina yote mawili, na siku nyingine lile jasho la baridi linakuwa limepanda juu zaidi kuliko kawaida.

Mzee akawa anakuja kwetu alasiri. Mama alianza kuoka tena, hamira ikapata kazi. Wanakaa jikoni, mzee anamfundisha maneno ya watu wazima: ndoa, uchungu wa kuzaa, kodi, mkwe, presha. Mama akikosea wanacheka hadi majirani wanachungulia. Mke wa kinyozi aliniuliza kama tujiandae kwa harusi. Nikamwambia ajiandae kula mikate.

Lakini siku ambazo mzee haji, nikiwa uani nasafisha brashi, namsikia mama jikoni akizungumza kwa ile sauti ndogo. Anasema kitu, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, anacheka, anaendelea. Mara moja nilisimama mlangoni nikamuuliza anaongea na nani.

"Na mwenzangu," alisema, mikono iko ndani ya unga. "Mzee hayajui maneno ya michezo. Alikuwa mkubwa kuliko sisi."

Sikumuuliza tena. Ila siku hizo naingilia mlango wa mbele.

Nyumba ya pili mzee aliiandika mwenyewe, kwenye uzio wa shule. Ilibaki ya kwanza, iliyokuwa kisimani kwenyewe, nyumba ya mtu wa posta. Aliichelewesha. Mwisho akaja kunitafuta mimi, si mama. Alininyooshea mikono niione inavyotetemeka.

"Nyumba ya baba yangu sitaki iwe na mchuruziko," alisema. "Wewe una mkono."

"Lakini sijui kusoma, mzee."

"Nitakuchorea kwa chaki. Wewe fuata."

Tulichagua ukuta wa tangi la maji, juu ya barabara. Alichora, nikafuata. Ilikuwa kazi ya ajabu. Nimeandika mabango maelfu nikiwa najua kila neno linauza nini, na pale niliandika watu nisiowajua kwa herufi nisizozijua, na mkono ukawa mzito kuliko siku yoyote. Kila nikimaliza mstari mzee alinitajia aliyekuwa ndani yake. Baba. Mama. Dada aliyekuwa na kigugumizi. Mama alishika kopo chini yangu akawataja tena, mmoja mmoja. Kwenye mstari wa nne akaguna.

"Fungua hicho kifundo," alisema. "Umemwandika mbuzi."

"Nani?"

"Shangazi yake. Kifundo kikifungwa anakuwa mbuzi."

Mzee akacheka hadi akashika ukuta. "Mwache," alisema akifuta macho. "Aliwahi kumng'ata baba." Lakini nilikifungua.

Nilipomaliza, mzee aliondoka akavuka barabara ili auone ukuta kwa mbali. Alisimama upande wa pili, magari yanapita kati yetu. Alitazama muda mrefu. Nilikuwa nafuta brashi, mama yuko pembeni yangu na kopo, jua liko usoni mwetu.

Ndipo akaita. Hakuita jina la mama lililo kwenye cheti changu. Aliita lile jingine la utotoni, kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayeita kutoka mlangoni.

Mama aliitika kabla sijageuka. Lilikuwa neno fupi la lugha yao, abee ya mtoto aliyekuwa anachezea mbali. Akanitia kopo mkononi bila kunitazama, akashika upindo wa nguo yake, akakimbia.